Mkono wa Idi kwanza, kitabu baadaye

"Mwalimu, asalaam aleikum. Sisi tuko Kisauni, Mombasa, nina watoto wawili. Binti ana miaka 13, yuko Gredi ya 8, akishika kitabu hasikii hata akiitwa. Mdogo wake ni wa kiume, miaka 10, Gredi ya 5. Yeye na kitabu ni paka na panya. Idi iliyopita mjomba wake alimpa kitabu cha hadithi badala ya mkono wa Idi, mtoto akalia mbele ya wageni, nikaona aibu. Si mjinga: chuoni ustadh amsifu kwa kuhifadhi Kurani, na timu za mpira za Ulaya azijua mpaka wanaokaa benchi. Nyumbani yuko pia mavyaa wangu. Zamani alikuwa msomaji mkubwa wa tenzi, siku hizi kitabu hagusi, asema hamu imemwisha. Idi hii nataka niwape wote watatu vitabu, na nina shilingi 4,000. Nichague vipi ili na huyu mdogo aanze kupenda kusoma? Babake asema nisitupe pesa, watoto wa kiume hawasomi, na kama lazima ninunue basi ninunue vya Kiingereza vimfae shuleni."

Waleikum salaam, dada yangu.

Nianze na yale machozi, maana naona ndiyo yanayokuuma zaidi. Mwanao hakukililia kitabu, alililia mkono wa Idi, zile pesa za sikukuu. Sote tumekulia Pwani, twajua siku ile ilivyo kwa mtoto wa miaka kumi: kanzu mpya ingali na mikunjo ya dukani, nyumba hii shilingi ishirini, nyumba ile hamsini, mfuko wazidi kulemea upande mmoja, na kichwani ameshapiga hesabu atapanda pembea mara ngapi Makadara na atabakisha ngapi za mabuyu na viazi karai. Kwa mjomba ndiko alikotarajia noti. Akapewa kitabu, tena mbele za watu, na sina shaka kilifuatwa na maneno ya "uache mchezo, usome". Mtoto aliona amekatwa mshahara kisha akaongezewa kazi. Hata mimi ningelia.

Simcheki mjomba, kwa sababu nimewahi kufanya vibaya kumshinda. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilimpa mpwa wangu kamusi, ile nene, na ukurasa wa mbele nikamwandikia maneno mazuri kwa kalamu ya wino. Alasiri ya Idi hiyohiyo nikaikuta uwanjani nyuma ya nyumba, imekuwa mlingoti wa goli. Mlingoti wa pili ulikuwa kandambili. Nilinuna siku mbili nzima. Baadaye ndipo nilipoona kwamba ile kamusi nilikuwa nimemnunulia mtoto niliyetamani awe, na yule niliyekuwa naye sikumnunulia kitu.

Sasa swali lako. Waniuliza kitabu gani, lakini ndani yake mna swali jingine: zawadi yaweza kumfanya mtoto apende kusoma? Nikwambie ukweli, peke yake haiwezi. Yaweza kufungua mlango, na yaweza pia kuufunga kwa kishindo, kama mlivyoona. Kabla ya kwenda dukani kuna jambo moja lazima tulijue, na halihitaji hata senti.

Kusoma ni kazi mbili zinazofanyika kwa pamoja. Ya kwanza ni kuyafumbua maandishi: jicho likutane na herufi, akili izigeuze sauti, sauti ziwe neno. Ya pili ni kuielewa lugha yenyewe, yaani kujua hilo neno lina maana gani na sentensi yasema nini. Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliweka jambo hili kwa hesabu fupi: kuelewa unachosoma ni kufumbua maandishi *mara* kuelewa lugha. Walisema mara, hawakusema kujumlisha. Ukizidisha kwa sifuri unapata sifuri, hata kile kingine kiwe kikubwa namna gani. Mtoto aweza kuwa na lugha ya kumtoa nyoka pangoni, lakini kama kila neno lamgharimu jasho kulifumbua, akifika mwisho wa mstari amesahau mwanzo. Ukimwona anakimbia kitabu, utasema mvivu, kumbe amechoka.

Mwanao lugha anayo. Anayekariri vikosi vya timu mpaka wa akiba na kubishana juu yao barazani hana upungufu wa lugha. Ile kazi ya kwanza ndiyo nisiyoijua, na ile sifa ya kuhifadhi chuoni haiwezi kunijibu. Kuhifadhi ni kipaji kingine, na ni kikubwa. Lakini mtoto mwenye sikio zuri na kumbukumbu kali anaweza kufika Gredi ya 5 akijisitiri: mwalimu asome ukurasa mara mbili darasani, yeye mara ya tatu atausoma bila kukosea, macho kitabuni, maneno yakitoka kichwani. Nimewaona wengi. Mmoja nilimgeuzia kitabu juu chini katikati ya aya, akaendelea kusoma vizuri tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta ukurasa ambao hajapata kuuona, wa Kiswahili, wa hadithi rahisi au habari ya mpira. Keti naye barazani wakati dadake hayupo; mtoto wa kiume hatakubali kukwama mbele ya dada anayesoma kama maji. Mwambie akusomee mistari kumi, huku wewe ukipeta mchele au ukikunja nguo, usiwe umemkodolea macho. Usimsahihishe. Sikiliza tu.

Akisoma vizuri lakini kwa uvivu, huku akikuuliza kama imetosha, basi kusoma anajua, ila hajapata cha kusoma. Huyu ndiye rahisi kumnunulia. Akisoma sawasawa lakini kwa silabi, *wa-li-po-fi-ka*, sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama anayehesabu ngazi, huyo anahitaji mazoezi mengi ya maandishi mepesi mpaka maneno yaanze kujitambulisha yenyewe. Na akiwa anabahatisha, anaona *ka* ya mwanzo basi ni "kaka" hata kama ni "kamba", anaruka mstari, anatazama picha kisha anatunga, hapo pana tatizo ambalo hakuna kitabu cha zawadi kitakachoweza kulitatua. Huyo nitamrudia mbele.

Kisha rudia kwa Kiingereza, mistari mitano tu, maana hapo ndipo penye hoja ya babake. Kiswahili kina tabia njema ya kuandikwa kinavyosemwa. *Ba* ni *ba* asubuhi na jioni. Kiingereza hakina adabu hiyo: herufi nne zilezile, o-u-g-h, katika neno hili zina sauti hii na katika neno la pili zina sauti nyingine kabisa. Mtoto anayeanza kwa lugha ile tu huona kusoma ni kama bahati nasibu. Ufundi wa kufumbua maandishi ukishakomaa katika lugha anayoijua huhamia kwenye lugha ya pili. Hajifunzi upya kutoka sifuri. Kwa hiyo mwambie babake, kwa heshima zake, kwamba hadithi ya Kiswahili anayoimaliza itakifaa Kiingereza chake kuliko ya Kiingereza anayoiacha ukurasa wa tatu. Kama kipimo chako kitaonyesha anasoma Kiingereza kwa wepesi zaidi, na wapo watoto wa shule za kulipia walio hivyo, basi nunua hicho.

Na hili la kwamba watoto wa kiume hawasomi, mimi nalikataa. Wanasoma, ila wanavyovisoma havihesabiwi. Wanasoma maandishi ya ubavuni mwa matatu, wanasoma maelekezo ya gemu, wanasoma ratiba ya mechi. Kuna kijana mmoja alikuwa akiletwa maktaba na mamake kwa lazima, umri kama wa wako. Kitabu nilichompa alikiweka mapajani akachungulia dirishani. Nikaacha mezani ukurasa wa michezo wa *Taifa Leo* ya juzi, nikaenda zangu kupanga rafu. Niliporudi alikuwa ameinama juu ya jedwali la ligi, kidole chateremka safu baada ya safu, midomo yamcheza: mechi walizocheza, mabao ya kufunga, mabao ya kufungwa. Akaniita: "Mwalimu, hapa wamekosea, tofauti ya mabao si kumi na moja, ni kumi na mbili." Nikahesabu. Alikuwa sawa, gazeti ndilo lililokosea. Mtoto aliyekamata kosa la mhariri, nyumbani anaitwa asiyesoma!

Basi, cha kumnunulia. Kitabu chembamba, na wembamba hapa ni sifa kubwa. Kitabu cha kurasa 32 alichokimaliza chamfanya awe mtu aliyemaliza kitabu, na huenda hajawahi kuwa mtu huyo tangu azaliwe. Tazama herufi: ziwe kubwa, mistari iachane, sura ziwe fupi, na picha ziwepo karibu kila unapofunua. Habari iwe ya mpira, ya kuchekesha au ya kutisha kidogo. Watoto wa umri huu wanapenda jini kuliko nasaha. Kama kichwa cha kitabu kina neno "mtiifu" au "asiyesikia la mkuu", kirudishe rafuni. Kupima ugumu, fungua ukurasa wowote wa katikati, asome, kila neno linalomshinda akunje kidole. Vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, hicho bado.

Vitabu vya katuni usiviogope. Wazazi wengi huniambia "hivyo ni picha tu", kama kwamba picha ni udanganyifu. Katuni humtaka mtoto asome maneno, asome uso wa msemaji, na ajaze mwenyewe kilichotokea kati ya kisanduku na kisanduku. Tena hapa kwetu tunayo mifano mizuri. Gado, yule mchoraji wa katuni za magazetini, aliwahi kuchora visa vya Abunuwasi kwa Kiswahili, vikatolewa na Sasa Sema mwaka 1996. Ukikipata popote, hata kilichotumika, kinunue. Faida ya Abunuwasi ni kwamba mtoto kashamsikia kwa bibi. Anapoingia ndani ya kitabu hayuko ugenini, na anayejua hadithi inaelekea wapi hufumbua maneno kwa urahisi zaidi.

Lakini ushauri wangu mkubwa ni kwamba usimchagulie. Jumamosi moja kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, kabla mji haujafurika na Biashara Street haijawa ya kupita ubavu, mpeleke duka la vitabu. Mtie shilingi 600 mkononi, mkononi mwake hasa, kisha usogee mbali. Ataokota kitabu utakachokiona cha kipuuzi. Atataka cha jini mwenye jicho moja, au cha wachezaji chenye picha nyingi kuliko maneno. Meza mate, kaa kimya. Ukimkataza mara moja tu, kitabu kimekuwa chako, si chake. Kikishalipiwa kifungeni karatasi, akupe mwenyewe ukifiche mpaka asubuhi ya Idi. Watoto hucheka wakipokea zawadi waliyoichagua wenyewe, lakini huipokea.

Ukiwa dukani, neno unaloulizia lina uzito. Ukisema "nataka vitabu vya Gredi ya 5", muuzaji atakupa vya kiada na vya mazoezi ya mtihani, maana ndivyo anavyouza mwaka mzima, na hadithi utazikuta zimesukumwa rafu ya nyuma. Sema "nataka hadithi za watoto". Angalia pia jalada: baadhi ya hadithi huandikwa gredi juu yake kwa herufi kubwa. Kama mwanao asoma kwa silabi na kinachomfaa kimeandikwa Gredi ya 3, usimpe kitabu hicho mbele ya binamu zake, utakuwa umemvua nguo. Tafuta kisicho na alama. Hadithi nyembamba mara nyingi utaipata chini ya shilingi 500. Vilivyotumika vinavyotandikwa kando ya njia mimi navipenda, ila vifunue katikati uhakikishe kurasa hazijaruka. Kilichotumika ni kitu kimoja, cha wizi ni kitu kingine: ukiona kitabu kipya lakini wino umefifia, mistari imekaa mshazari na gundi yanuka, hicho kimechapwa uchochoroni, mwandishi hapati hata ndururu.

Akishakianza, mambo mawili yatakuwasha ulimi. Moja ni kumuuliza: umejifunza nini, fundisho la hadithi ni lipi? Wewe ukitoka kutazama tamthilia mtu akuulize fundisho, utaitazama tena kesho? La pili ni kumwahidi hela kwa kila kitabu. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Baadhi waliahidiwa tuzo wakichora, wakachora, wakapewa. Wiki moja mbili baadaye, kalamu zilipowekwa tena bila tuzo, waliokuwa wameahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa tuzo bila kuahidiwa hamu yao haikupungua. Mtoto akilipwa kwa jambo, huanza kuliona ni jambo la kulipwa. Kwa hiyo akimaliza kitabu ukamnunulia ice lolly bila kumwambia kwa nini, sawa. Mapatano, hapana.

Simu nayo isitangazwe adui. Kuna mkusanyo wa hadithi za bure uitwao African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Una hadithi nyingi za Kiswahili zilizopangwa kwa viwango, kuanzia zenye sentensi moja kwa ukurasa. Unazisoma kwenye simu, na mnaruhusiwa kuzichapa. Usiku wa Ramadhani, watu wakiwa tarawehe, hadithi moja ni dakika tano. Msomee wewe leo, kesho msomeane ukurasa wewe ukurasa yeye. Kusomewa hakumfanyi mvivu.

Nije kwa binti, na hapa watu hudhani hapana kazi. Msomaji mzuri ndiye mgumu kumnunulia, kwa sababu unachokijua wewe kashakisoma. Usibahatishe. Mwambie akuandikie majina matano anayoyatamani, ununue moja, asijue lipi. Kama hajui la kuandika, namjulisha kwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko katika riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar; ya kwanza, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilitoka 1960. Kiswahili chake ni cha visiwani, hakitamwia kigeni mtoto wa Kisauni, na wa miaka 13 atafurahi kushindana na Bwana Msa kumtafuta muuaji. Riwaya nyingine za watu wazima zipitie wewe kwanza. Si kwa kuwa ni mbaya, ila baadhi zina mambo ambayo heri ayakute mkiwa mumeshazungumza.

Kwa binti wa namna hii kuna zawadi tatu zinazoshinda kitabu. Kadi ya maktaba ya Msanifu Kombo, ambayo ada yake ni ndogo na vitabu havishi. Taa ndogo ya kuchaji, kwa zile usiku za stima kupotea. Na ya tatu haiuzwi: muda. Wiki ya Idi mtoto wa kike wa miaka 13 yuko wapi? Yuko jikoni, asukuma mahamri, akwaruza nazi, aosha sahani za wageni, na mdogo wake yuko Makadara. Mwandikie karatasi: "Siku ya pili ya Idi, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, hakuna atakayekuita." Kisha uilinde, hata wageni wakibisha. Nakuhakikishia hiyo karatasi ataihifadhi.

Mavyaa wako ndiye aliyenifanya nijibu barua hii kwa urefu. "Hamu imemwisha", asema. Nimelisikia neno hilo kwa wazee wengi, na mara nyingi kilichokwisha ni macho. Kuanzia miaka arobaini hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kukakamaa, haijipindi tena vizuri kutazama cha karibu. Haiumi. Mtu huanza kusogeza kitabu mbali, halafu mbali zaidi, mkono unaisha, kisha anakiweka chini na kujisingizia uzee. Mtazame akitunga uzi kwenye sindano, au akisoma karatasi ya dawa: aipeleka dirishani? Aunyoosha mkono? Basi tenzi hakuziacha, ila hazioni.

Usimnunulie miwani ya kubahatisha kando ya njia kabla hajapimwa. Miwani ya kusomea ni rahisi, lakini ukungu wa macho waweza pia kuwa mtoto wa jicho, waweza kuwa kisukari, na waweza kuwa presha ya macho, ambayo hula uoni pembeni kimyakimya na kilicholiwa hakirudi. Akisema jicho moja limepoteza nuru ghafla, au aona mwako na vidoa vingi kwa mara moja, au jicho lauma na kuwa jekundu, msingoje Idi. Siku hiyohiyo hospitali. La kama ni kupungua kwa taratibu, mpelekeni kliniki ya macho wiki yoyote kabla ya sikukuu.

Akishapata miwani, mpe tenzi kwa herufi kubwa. Utendi wa Mwana Kupona, alioutungia bintiye mwaka 1858, una beti mia na kidogo; nenda saiba uchapiwe herufi za ukubwa wa 20, beti nne kila ukurasa, na binti atie jalada la kanga kuukuu. Haitazidi mia chache. Na utendi haukutungwa usomwe kimya. Aukariri kwa sauti baraza ya jioni, na yule mdogo atasikia apende asipende. Hapo ile kazi ya pili ya kusoma, ya lugha, inalishwa bila yeye kujua.

Kwa shilingi zako 4,000, mimi ningetenga 2,000 kwa macho ya bibi na kuchapisha, 1,100 kwa binti, 600 za kijana, na mia tatu zilizobaki ziwe mkono wa Idi wao wote wawili. Kama kupima macho kutazidi hapo, punguza kwa binti, atakuelewa; ile karatasi ya saa tatu bado anayo.

Sasa nirudi kwa yule anayebahatisha. Ukimsikia hivyo, usimfiche wala usimpige. Anza na mwili: macho yake, na masikio yake pia, hasa kama amewahi kutokwa usaha. Kisha zungumza na mwalimu wa darasa, ukamuulize hasa: akisoma ukurasa mpya peke yake yuwaje? Kama mtoto wa Gredi ya 5 hawezi aya ya Gredi ya 2, kama herufi zinazofanana zamchanganya bado, kama kuandika kwake ni vita na kuna babake au ami yake aliyekuwa hivyohivyo, omba apimwe kwenye kituo cha tathmini ya elimu, wenyewe huviita EARC. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilicho karibu nanyi. Huenda ukasikia neno disleksia. Si uvivu, si ujinga, wala si macho kuona herufi kinyume. Ni namna ubongo unavyozishika sauti za maneno, mara nyingi hurithiwa, na mtoto aweza kuwa nayo huku akiwa na akili kama wembe. Haiponi kwa viboko wala kwa miwani. Husaidiwa na mtu anayejua kufundisha sauti na herufi hatua kwa hatua, kidogo kidogo, kila siku. Mapema ni bora, lakini miaka 10 haijachelewa.

Ukishamsikiliza, niandikie ulichosikia, hata kama ni mistari miwili. Na mjomba mpigie simu mapema, kabla hajapita tena duka la vitabu njiani. Mwambie Idi hii atoe noti, kimyakimya, bila hotuba. Na akitaka lazima kitabu kiwepo, akilete mwezi wa Mfungo Mosi ukiwa katikati, Idi imeshapita, siku ya kawaida, akiweke mezani aondoke zake.